Fremu ya Buluu na Simu Iliyofungiwa

"Kanae, umeshasoma gazeti?"

"Shangazi, saa moja asubuhi hii? Hata chai sijanywa."

"Weka chai chini. Ukurasa wa mbio za baiskeli za Takeo. Mtafute Moriwaki wako."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana, glavu mkono mmoja, simu mkono mwingine. Shangazi Tomoe, dada yake baba, anauza vipuri vya baiskeli mtaa wa pili hapa Kurume, na habari zote za mji humpitia yeye kwanza ndipo ziwafikie wenyewe. Nikalitoa gazeti kwenye sanduku la barua, nikalifungua palepale.

Siku ya ukaguzi, kabla mbio hazijaanza, waandishi huwauliza waendeshaji neno mojamoja. Kesho yake maneno hayo huchapishwa chini ya majina yao, ili wenye tiketi za kamari wajue nani yuko sawa na nani anachechemea. Chini ya jina la Genta Moriwaki, miaka thelathini na tatu, paliandikwa hivi:

"Nimebadilisha fremu. Natumia ya zamani, ya Kuwabara. Ile ya Arimura haina kosa lolote, ni mimi niliyebadilika."

Arimura ni sisi. Baba yangu, Shinzo Arimura, ameunda fremu za baiskeli za uwanjani kwa miaka arobaini na sita, na mimi nimeshika kazi naye kwa miaka kumi na moja. Fremu ya buluu ya Genta ilitoka mikononi mwetu wiki tatu tu zilizopita.

"Umesoma?" Shangazi akauliza.

"Nimesoma."

"'Ni mimi niliyebadilika.' Mwanamume akisema hivyo, mwanangu, ujue ameshafunga mizigo. Na Kuwabara wa Osaka ana binti, unajua? Mrefu! Nimemwona kwenye maonyesho."

"Kuwabara ana binti, na labda ana paka pia. Inahusu nini?"

"Mi sisemi kitu. Mi nimesoma gazeti tu."

Akakata simu. Nikabaki na lile gazeti.

Kwa mtu wa nje, fremu ni mabomba manane tu yaliyounganishwa. Kwetu sivyo. Fundi anaujua mwili wa mwendeshaji kuliko daktari wake: urefu wa paja, bega lililowahi kuvunjika, upande anaoegemea akichoka. Mwendeshaji akiiacha fremu ya fundi wake kimyakimya, mtaa mzima unajua kuna kitu kimevunjika. Na mimi kwa Genta sikuwa fundi tu. Tulikuwa wapenzi mwaka wa pili ule. Sasa amerudia fremu aliyokuwa nayo kabla hajanijua, na nimeambiwa na gazeti!

Nikafungua simu nikausoma tena ujumbe wake wa jana.

"Wanakusanya simu sasa. Siku ya nne nikitoka nakuja kwenu moja kwa moja, nina neno na Mzee. Usimalize tambi."

Usiku wote uliopita nilikuwa nimelala na huo ujumbe kama mtoto na mwanasesere. Nina neno na Mzee! Nilidhani najua ni neno gani. Sasa nikajiambia, kumbe neno lenyewe ni la kuaga.

Kumpigia haiwezekani. Wakishaingia kwenye bweni la uwanja, simu zinafungiwa kabatini hadi mbio ziishe, na hata kumpungia mkono mtazamaji ni marufuku, watu wasije wakasema wanauza mbio. Kwa hiyo nikafanya kosa ambalo watu wa mbio hizi tunalifanya kila mwaka na hatujifunzi. Nikatuma hasira zangu kwenye simu iliyofungiwa.

"Nimesoma gazeti. Baki na Kuwabara wako na binti yake mrefu. Kwetu usije tena. Kanae."

Ukaenda. Nikapumua. Nilijua hatausoma mpaka siku ya nne, na hiyo ndiyo ilinipa ujasiri wa kuuandika.

Baba akaingia akikohoa, akashika meza kwanza, ndipo akashika kiti.

"Nani kapiga?"

"Shangazi. Baba, unajua Genta anaendesha fremu ya Kuwabara?"

Baba akachukua kikombe chake. Alichukua muda mrefu sana kukichukua.

"Mwendeshaji ana hiari yake," akasema.

"Hiari? Fremu ya wiki tatu?"

"Kanae, nina kazi ya kufanya."

Akanigeuzia mgongo. Hapo nilipaswa kushtuka, maana baba yangu akitukaniwa fremu yake huwa hanyamazi. Lakini mwenye donda lake haoni la mwenzake.

Niseme ukweli, kilichonileta kwa Genta ni uwanja wenyewe. Nilikuwa naunda baiskeli hizi miaka yote na sijawahi kuipanda hata moja juu ya ule ukingo ulioinama kama paa la nyumba. Siku moja uwanja wa Kurume ulifunguliwa kwa watu wote, yeye akanikuta nimesimama chini natetemeka, nimeshika usukani.

"Fundi anaogopa kazi yake mwenyewe?" akanicheka.

"Haina breki hii!"

"Si wewe ndiye hukuweka?"

"Na miguu haipumziki. Tairi likizunguka, pedali nazo zinazunguka."

"Ndiyo utamu wake. Huwezi kudanganya, wewe na baiskeli mnakuwa kitu kimoja. Sikiliza, dada. Panda juu, usiangalie chini. Ukiogopa ukapunguza, ndipo utaanguka. Usipunguze tu."

Nikapanda. Kwenye kona nikaona lami imesimama ubavuni mwangu kama ukuta, na baiskeli imetulia tuli. Hakuna gia wala mlio, ni tairi tu linanong'ona na upepo sikioni. Nilizunguka mara sita nikashuka nalia, na sijui nilikuwa nalia nini. Genta akanipa taulo lake lililonuka jasho. Basi, nikaisha.

Sasa siku ile ya gazeti, mchana, baba alipokwenda kunyoa, nikafungua kabati la kadi. Kila fremu kwetu ina kadi ya vipimo, na chini yake kwa penseli jina la aliyeshika moto wa kuunganisha mabomba. Nilitaka kuichana ya Genta vipande vipande.

Nikaivuta. Chini iliandikwa: "Moto: Shinzo." Nikakumbuka ile wiki nilipolala na homa, baba akaimalizia peke yake. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko uliopinda ukatoka nje ya mstari, nikaona neno ambalo halikuwepo zamani:

"Imerudi. Tarehe 9."

Tarehe tisa ni siku nne kabla ya ukaguzi. Imerudi? Nani kairudisha, na mbona mimi sijaiona? Baba alikuwa ameificha fremu, lakini mzee wa watu, miaka arobaini na sita ya kuandika kadi, mkono wake haukuweza kuacha kuandika.

Nikaitafuta. Nilifunua maturubai, nikasogeza makopo ya rangi. Nikaikuta nyuma ya mitungi ya gesi, imefungwa kwa blanketi la marehemu mama. Fremu ya buluu, haina hata mkwaruzo. Nikaigonga kwa kucha pale chini pedali zinapoingilia. Upande wa kulia ukajibu vizuri. Upande wa kushoto ukatoa mlio mfu.

Nikaibana mezani, nikachukua msumeno.

"Unakata nini?" Baba alikuwa mlangoni, amenyolewa, kofia mkononi.

"Fremu ya Genta."

Nikaendelea mpaka kiungo kikafunguka vipande viwili. Shaba inayoshika mabomba ilitakiwa ijae mduara wote. Ilikuwa imefika nusu. Nusu nyingine palikuwa na mwanya mtupu, giza.

"Baba, njoo uone."

"Sina haja ya kuona." Akakaa kwenye kreti. "Aliileta mwenyewe, wewe umeenda kuchukua mabomba. Akaniambia, 'Mzee, inalia chini nikisukuma kwa nguvu.' Nikagonga. Nikajua."

Nikaukumbuka ule mwandiko uliopinda. "Macho yako yana nini?"

"Macho yapo."

"Baba!"

"Ukungu kidogo."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Kiangazi." Akaizungusha kofia mikononi. "Shaba ikiyeyuka moto unabadilika rangi, unajua. Mimi siku hizi moto wote ni rangi moja. Nilikuwa nakisia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeninyang'anya moto."

"Ningekupeleka hospitali!"

"Si ndiyo hiyo hiyo."

Nilitaka kumfokea, nikauweka msumeno chini.

"Angekufa, Kanae. Kwenye kona, mwendo ule, inakatika katikati. Na alikuja hapa akaniinamia mimi. Akasema, 'Mzee, nitasema mwili wangu ndio umebadilika. Jina la Arimura lisiguswe.' Mimi ndiye niliyemwomba asikwambie. Akakataa. Akasema, 'Kanae atanielewa vibaya.' Nikamwambia, 'Kanae? Mtoto wangu namjua. Hana pupa.'"

Nikaketi sakafuni kwenye vumbi la chuma.

"Baba, nimemwandikia asije tena."

"Umemwandikia wapi, si wamechukua simu?"

"Kwenye simu hiyohiyo. Akirudishiwa keshokutwa, ndicho kitu cha kwanza atakachosoma."

Baba akanitazama, au alitazama upande nilipo.

"Hana pupa," akarudia polepole, akatikisa kichwa. "Basi wote wawili tumekisia."

Nilimwandikia ujumbe mwingine: "Usisome wa kwanza." Nikaufuta kabla sijautuma. Nani ataambiwa asisome wa kwanza asiusome? Dawa ilikuwa moja tu, niwe langoni kabla hajaiwasha simu.

Siku ya nne asubuhi gazeti likaja. Nililisoma kwa sauti, baba anapuliza supu yake.

"Moriwaki: Miguu ipo. Fainali naongoza mstari wa wenzangu wa Kyushu. Nikitoka nina swali kwa fundi wangu."

"Swali gani?" baba akauliza. "Kuhusu shaba?"

"Baba, kunywa supu."

"Huyo 'fundi wangu' ni mimi au ni wewe?"

"Ndilo ninalokwenda kulijua."

Nikapanda treni, nikaibadilisha kituo cha Tosu, nikaingia Takeo saa nane na nusu. Uwanjani harufu ya matumbo ya kuchemsha ilikuwa ileile ya siku zote, na wazee walewale wamebana kwenye wavu wa kona ya mwisho, penseli nyekundu masikioni. Nikajipenyeza katikati yao. Mmoja mwenye kofia ya besiboli akanisogezea nafasi.

"Dada, umemshika nani kwenye tiketi?"

"Moriwaki."

"Ah! Huyo leo anakata upepo tu. Yuko mbele, mkubwa wake katika mstari yuko mgongoni, ushindi wa mkubwa. Na amebadilisha fremu. Mtu akibadilisha fremu kabla ya fainali, nyumbani kwake kuna matatizo."

"Yapo," nikasema. "Matatizo ndiyo mimi."

Mzee akanitazama juu hadi chini, akacheka mpaka akakohoa.

Waendeshaji tisa wakatoka, wakainama, wakapanda. Genta nilimjua kwa mabega kabla sijaona namba. Alikuwa juu ya ile fremu kuukuu nyeusi, goti la kushoto limetoka nje kidogo, maana kipimo si chake tena. Nikaona namna anavyobanwa na kila kipande cha chuma kile, na ameubeba mbano huo siku tatu kwa ajili ya jina letu. Machozi yakanijaa.

Kimila, kwenye wavu unaruhusiwa kumtukana mwendeshaji utakavyo. Yeye haruhusiwi kujibu wala kugeuka. Wazee walikuwa wameshaanza.

"Moriwaki! Rudi kwa mama yako!"

"Moriwaki! Hiyo baiskeli umeiokota wapi?"

Walipopita taratibu kwenye kona yetu nikashika wavu kwa mikono miwili, nikapaza sauti ambayo sijawahi kuitumia.

"Moriwaki! Usipunguze! Ukipunguza utaanguka!"

Hakugeuka. Lakini niliona masikio yake, chini ya kofia ngumu, yamekuwa mekundu.

"We dada una mdomo," mzee wa kofia akasema kwa heshima.

Kengele ikalia, mzunguko mmoja na nusu umebaki. Genta akasimama kwenye pedali, akatoka mbele, mkubwa wake nyuma yake, wengine wakavutika kama uzi kwenye sindano. Hapo ndipo mchezo huu unaponiua. Watu tisa wasio na breki wanaegemea ukuta wa lami pamoja, sentimita chache kati ya tairi na tairi, na hakuna anayeweza kusema ngoja kwanza. Akazunguka nusu, akazunguka robo tatu, miguu inasaga. Kwenye kona yetu mkubwa wake akatoka mgongoni mwake akampita, na wengine wawili wakampita. Akamaliza wa nne.

"Upuuzi!" wazee wakapiga kelele, tiketi zikaruka hewani.

"Amefanya kazi yake," nikasema.

"Amefanya," mzee wa kofia akakubali. "Kwa fremu ile, amefanya sana."

Nikakimbia kwenda kwenye lango la waendeshaji, nikakuta wengine wameshaanza kutoka na mifuko yao ya baiskeli mabegani. Genta akatoka wa saba. Begi begani, nywele mbichi, simu mkononi. Imewaka.

"Umeiwasha?" nikauliza, hata salamu sikumpa.

"Nimeiwasha."

"Umesoma?"

"Nimesoma."

Nilitamani lami ile inimeze.

"Genta, fremu nimeikata. Nimeona kila kitu. Baba amesema yote. Nilikuwa mjinga, nilikuandikia kabla sijajua..."

"Binti wa Kuwabara," akanikatiza, "ana miaka kumi na mitano. Anacheza mpira wa wavu, ndiyo maana ni mrefu."

"Usinicheke."

"Sikucheki. Nimesoma nikakaa chini pale ndani, watu wananipita. Ulikuwa na haki. Nilikudanganya kwa kunyamaza. Nilidhani namlinda Mzee, kumbe nilikuwa nakuweka wewe nje ya nyumba yako mwenyewe. Nisamehe, Kanae."

"Na mimi nisamehe."

"Ila umeandika nisije kwenu tena."

"Nimeandika."

"Na mimi namtii fundi wangu."

Akainamisha kichwa, akaanza kuandika kwenye simu. Simu yangu ikalia mfukoni. Tulikuwa tumesimama, hatua moja tu kati yetu. Nikaifungua.

"Sawa, siji. Wewe je, utakuja? Nina nyumba ndogo, ina jiko zuri, haina fundi. Nioe niwe wako. G."

"Umekosea," nikamwambia. "Mwanamume ndiye anayeoa."

"Mimi nimechoka, nimetoka mbioni. Nioe wewe."

Wenzake walikuwa wamesimama wanatusikiliza bila aibu. Nikamwandikia neno moja, "Nakuoa," nikalituma. Simu yake ikalia, wale wenzake wakashangilia kuliko walivyoshangiliwa wao siku tatu zote. Nikauweka uso wangu kwenye begi la ile baiskeli ya Kuwabara nikalia, na sikumwonea wivu Kuwabara tena.

Tulifika Kurume jua likiwa bado juu ya paa. Baba alikuwa ameweka mezani mabakuli matatu ya tambi. Shangazi Tomoe naye alikuwepo, ati amepita tu.

Genta akavua viatu, akapiga magoti kwenye mkeka, akainama mpaka paji la uso likagusa.

"Mzee Arimura, nina swali."

"Subiri," baba akasema.

"Mzee, nimekuja kukuomba..."

"Nimesema subiri. Kanae, ile hospitali ya macho uliyokuwa unaisema. Wana nafasi lini?"

Nikashika kijiko, nikasahau kwa nini nimekishika.

"Nitawapigia kesho, Baba."

"Wapigie. Moto ni wako kuanzia leo, na kadi zote andika jina lako. Fremu ya huyu utaiunda wewe, ya buluu ileile." Akamgeukia Genta, mkono wake ukalitafuta bega lake hewani mpaka ukalipata. "Na wewe swali lako lishikilie. Binti yangu ni mmoja. Siwezi kumpa mtu ambaye simwoni vizuri."

Shangazi Tomoe akaanza kulia kwa sauti, ndipo nikajua kuna jambo ambalo hata yeye hatalitangaza kwa simu.

Walimtoa mtoto wa jicho Alhamisi mbili baadaye. Siku ya kufunguliwa bandeji, Genta alipiga magoti mbele ya kiti cha hospitali, amevaa suti. Baba akamtazama. Alianza na paji la uso, akashuka kwenye pua iliyovunjwa mara mbili, kwenye kovu la kidevu, kwenye meno. Alimkagua kama fremu iliyotoka motoni.

"Kumbe ndivyo ulivyo," akasema mwishowe. "Mbaya hivi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na binti yangu analijua hilo?"

"Nalijua, Baba," nikasema.

Akafuta macho yake mapya kwa mgongo wa mkono, ingawa nesi alikuwa amemkataza.

"Haya. Uliza swali lako."